Mpaka kwenye Pazia

Mama Kifungu alisimama mbele ya duka la dawa, ncha za viatu vyake zikiwa shibiri moja tu kutoka kizingitini, na hakuinua mguu. Mlango ulikuwa wazi. Saa ilikuwa tatu na robo asubuhi, na maandishi meupe kwenye kioo yalisema kuwa duka hufunguliwa saa mbili. Hapakuwa na mtu wa kumzuia. Hata hivyo alikitoa kitambulisho chake mkobani, akakiinua usawa wa kifua, kisha akagonga fremu ya mlango kwa adabu zote, kana kwamba anaingia nyumbani kwa wakwe zake.

"Hodi humu ndani!"

Nyuma yake afisa mwenzake alishusha pumzi iliyosikika hadi upande wa pili wa barabara. Huyu ofisini walimwita Radi, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kufika mahali kabla ya salamu zake. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, upara umekwisha kumwanza utosini, lakini miguu yake ilikuwa haijapata habari za umri huo.

"Mama, hapa ni dukani," alisema. "Watu wanaingia hapa kununua pamba."

"Wao wameitwa na maandishi ya kioo. Mimi nimeletwa na kifungu cha kumi na mbili, nacho kinanitaka nijitambulishe na niseme sababu kabla sijavuka."

Hilo ndilo lililompa jina. Miaka ishirini na mitatu ya ukaguzi wa maduka ya dawa ilikuwa imemfanya asitaje jambo bila kutaja kifungu chake, hata wanawe walipokuwa wadogo walidai kuwa walizuiwa kula peremende kwa kifungu cha nne.

Kutoka nyuma ya kaunta aliinuka mzee mrefu, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Vipimo. Alikuwa mfamasia katika duka hilo kwa miaka arobaini, na ndilo duka la dawa pekee hadi kuvuka daraja.

"Karibu, binti yangu, karibu. Lo! Leo nimebishiwa hodi." Akamtupia Radi jicho la upole. "Juzi huyu bwana nilimkuta amekwisha fika."

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mkaguzi mkuu wa dawa, na hiki ni kitambulisho changu. Kisome kwa nafasi yako." Mzee alikipokea, akakisogeza puani, akakirudisha haraka mno. Mama Kifungu aliiona haraka hiyo. "Nimekuja kwa ajili ya chupa ya dawa ya kikohozi uliyompa mama mmoja siku ya Jumanne, saa saba mchana. Mtoto wake wa miaka miwili aliinywa, akalala usingizi usioamshika, wakamkimbiza hospitali. Maabara imekwisha kusema: lebo yako ilikuwa sahihi, lakini ndani ya chupa mlikuwa na dawa ya mzio ya watu wazima, ile inayoleta usingizi. Mtoto amerudi kwao asubuhi hii. Nimeongea na mama yake kwa simu. Anakula, na nilimsikia akilia kwa sauti nzuri kabisa."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, akaishika kaunta kwa mikono miwili.

Mama Kifungu alizisikia shukrani mbili. Moja ilikuwa mbele yake. Nyingine ilitoka ndani zaidi, nyembamba na ya kike.

"Leo saa tisa alasiri bodi ya leseni inakaa," aliendelea. "Ripoti yangu ndiyo itakayoionyesha njia. Mwenzangu ameandika rasimu kwamba leseni yako ifutwe."

"Na wewe, binti, unasemaje?"

"Mimi bado niko nje ya mlango, mzee."

Mzee Vipimo alitabasamu licha ya yote, akampisha. Mama Kifungu akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia.

Kazi ilianza ukutani. Leseni ilitundikwa ndani ya fremu, na chini yake palikuwa na mchoro wa jengo wenye muhuri wa bodi: duka la mbele, chumba cha kuchanganyia dawa, na stoo. Vyumba vitatu, si zaidi. Mama Kifungu alitoa futi ya kukunja, akampa Radi ncha moja, wakapima duka, wakapima stoo, wakaingia chumba cha kuchanganyia na kukipima nacho. Hesabu ya vipimo iliafikiana na mchoro hadi mlango wa nyuma, ambao haukuwa mlango bali pazia la kijani, zito, lililoning'inia hadi sakafuni. Kwenye mchoro, mstari mweusi mnene ulipita pale pale pazia lilipo.

"Hapo nyuma ndipo penyewe," Radi alinong'ona. "Mimi nilipaona Jumanne kwa macho yangu mawili. Meza, taa, lenzi, na daftari, na kisahani cha chupa hapa karibu na pazia, tayari kupitishwa. Hiyo ni stoo ya siri, Mama. Mke wake anauza dawa kwa mlango wa uani. Sisi tunapima kuta na mzigo uko hapo!"

"Uliingiaje huko?"

"Mzee alisema karibu."

Mama Kifungu aligeuka. "Mzee, ni kweli?"

"Nilisema karibu," Mzee Vipimo alikiri. "Mtu amesimama kwangu na uso wa serikali, nimwambie nini? Nenda? Nilisema karibu, nikachukua kofia yangu, nikaenda kusali adhuhuri."

"Na nyumba hiyo iliyo nyuma ya pazia ni ya nani?"

Macho ya mzee yaling'aa. "Ya mwenye nyumba wangu! Baba yake alimwachia jengo lote. Mimi hapa ni mpangaji tu, binti. Nilikuja kukodi vyumba vitatu vya mbele, nikapewa na mke juu yake. Mkataba wa kukodi umo kwenye faili lenu."

Alisema kweli, kwani Mama Kifungu alikuwa ameusoma mkataba huo garini. Alimtazama Radi hadi Radi akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Karibu ya mpangaji haikukupa ruhusa ya mwenye nyumba," alisema. "Kifungu cha kumi na mbili kinatufikisha kwenye pazia. Ng'ambo ya hapo ni makazi, na makazi huingiwa kwa ridhaa ya mwenyewe au kwa hati ya hakimu. Yeye alikuwapo?"

"Alikuwapo. Alipiga kelele kidogo. Nikamwomba asubiri uani."

"Kwa muda gani?"

Jibu lilikuwa limeandikwa. Kila duka lenye leseni huwa na daftari la ukaguzi, ambamo mkaguzi huandika saa aliyoingia na saa aliyotoka. Mama Kifungu alilifungua juu ya kaunta. Mwandiko wa Radi ulikuwa umeinama mbele kama mwenyewe: Jumanne, kuingia saa sita kasorobo, kutoka saa saba u nusu.

"Saa moja na dakika arobaini na tano," Mama Kifungu alisema. "Bibi wa watu yuko uani, juani."

"Twende kwa hakimu basi," Radi alijitetea. "Gari lipo. Nusu saa tutakuwa na hati."

"Hakimu ataniapisha nieleze sababu ya kuingia. Sababu niliyo nayo ni kwamba wewe uliona. Naye ataniuliza uliona ukiwa umesimama wapi. Nitamjibu nini?"

Radi aliurudisha ufunguo wa gari mfukoni.

Mama Kifungu alirudi chumba cha kuchanganyia. Ukutani palikuwa na rafu ya dawa zilizokwisha tayarishwa, chupa ndogo za kahawia zinazosubiri wenyewe, na juu ya rafu hiyo ulipita utepe wa serikali ambao Radi aliubandika Jumatano asubuhi, habari za mtoto zilipofika ofisini. Tangu hapo hakuna aliyezigusa. Alikagua utepe pande zote, akauona mzima, akaandika hivyo, ndipo akaukata.

Chupa zilikuwa kumi na nne. Hakutazama lebo kwanza. Kichwani mwake mlikuwa na sentensi moja kutoka katika maelezo ya mama wa mtoto, sentensi ambayo Radi aliipita bila kuitia maanani: *chupa ilivuja mkobani ikalowanisha kitambaa cha mtoto, nikakaza kifuniko mwenyewe nilipofika nyumbani.* Aliishika chupa ya kwanza, akajaribu kukizungusha kifuniko kwa vidole viwili. Hakikutikisika. Ya pili, vilevile. Ya tatu ilimshinda hadi akatumia kiganja.

"Tunatafuta nini?" Radi aliuliza.

"Andika. Ya kwanza, imekazwa. Ya pili, imekazwa. Ya tatu, imekazwa."

Aliendelea hivyo, taratibu kama mtu avutaye uradi. Zilipokwisha zote, chupa kumi na moja zilikuwa zimekazwa barabara, na tatu vifuniko vyake vilizunguka kwa ncha ya kidole, vimewekwa tu juu ya shingo za chupa. Ndipo aliposoma tarehe. Zile kumi na moja zilikuwa za Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Zile tatu zote zilikuwa za Jumanne.

"Mzee," aliita, "nisaidie. Mkono wangu umeshindwa na hili." Akamnyooshea mtungi mkubwa wa rafuni, ule wa dawa ya kikohozi ya watoto. Mzee Vipimo aliushika, akauzungusha mara moja, kifuniko kikaachia kwa mlio. Akaufunga tena kwa nguvu zile zile. Vidole vyake vilikuwa kama koleo.

"Mashallah, mzee, mkono bado una nguvu."

"Wa kupigia mtwangio, binti. Miaka arobaini."

"Basi mbona chupa hizi tatu hukuzikaza?"

Tabasamu lilimtoka mzee usoni taratibu. "Huwa... huwa nasahau."

"Mitungi yote rafuni imekazwa. Hujasahau hata mmoja."

Mzee alivua miwani, akaanza kuisafisha kwa pindo la koti, ingawa ilikuwa safi. Mama Kifungu hakumbana zaidi. Alichukua kigoda, akakiweka hatua moja kabla ya pazia la kijani, akaketi na kuweka mikono mapajani.

"Hodi, mama."

Kisha sauti ile nyembamba: "Hapo ulipo ni kwa mume wangu. Huku ni kwangu."

"Ndiyo maana sijavuka."

"Mwenzio alivuka."

"Mwenzangu alikosea, naye yuko hapa ananisikia nikisema hivyo."

Pazia lilitikisika kidogo. "Anafanya nini sasa?"

"Amenuna."

Kicheko kifupi kilisikika, kikakatwa haraka. Radi aligeukia ukuta.

"Mama, huna wajibu wa kunifungulia," Mama Kifungu aliendelea. "Ukikataa, sitaandika kwamba umekataa kwa sababu una la kuficha. Kukataa ni haki yako, na haki haigeuzwi kuwa ushahidi. Nitakuuliza swali moja tu. Kila siku mzee anapokwenda kusali adhuhuri, nani anakaza vifuniko vya chupa?"

Dukani mbele mtu aliingia kuulizia bendeji, na Mzee Vipimo akaenda kumhudumia, nyayo zake zikiburuzika. Alipokuwa mbali ndipo sauti ilipotoka, imeshuka.

"Macho yake yameingia ukungu, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Hataki kusema, na mimi sitaki kumwambia kwamba najua. Mtu ameishi kwa kupima tone na tone; utamwambiaje kwamba haoni mstari wa kipimo? Mimi nilikuwa mgawaji dawa wa hospitali kwa miaka thelathini kabla sijastaafu. Basi yeye akitoka kwenda kusali, anaacha kisahani cha chupa za siku hiyo hapo karibu na pazia. Mimi nakichukua, nazikagua moja moja pamoja na cheti cha daktari, nakaza, narudisha. Akirudi anakuta kisahani mahali pake. Hajui."

"Na ukikuta kosa?"

"Namwaga, nasafisha, najaza upya kutoka mitungini. Miaka miwili, makosa kumi na tisa. Hakuna hata moja lililotoka mlangoni." Sauti ilikatika. "Hadi Jumanne."

Mama Kifungu alimwangalia Radi. Radi alikuwa ameuacha ule ukuta. Alikuwa anahesabu kwa vidole, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza: saa sita kasorobo, saa sita, saa saba, saa saba u nusu.

"Nilikuwa nimemweka uani," alisema Radi, si kwa mtu yeyote.

"Ulikuwa umemweka uani," Mama Kifungu alikubali. "Kisahani kikabaki hapa. Chupa nne. Moja ikaenda na mama wa mtoto saa saba." Akarudi kwenye pazia. "Lakini mama, kwa nini ulizipeleka chupa kwako? Meza si ipo hapa?"

"Kwani mimi mvunja sheria?" Bibi alisema kwa kuumia. "Leseni imeandikwa ukutani. Chumba cha kuchanganyia ni cha mwenye leseni peke yake. Usajili wangu umekwisha muda, sina haki ya kugusa dawa humo. Ndiyo maana nazichukua nazileta nyumbani kwangu, ambako leseni haifiki."

Mama Kifungu alifumba macho kwa nukta kadhaa. "Mama, hilo la kuzitoa ndilo kosa lenyewe."

"La kuzitoa?"

"Ndilo."

"Na kama ningezikagua humo humo?"

"Lingekuwa kosa pia, ila dogo zaidi."

"Ya Rabi! Miaka miwili nakimbia kosa dogo kumbe naliangukia kubwa!" Na kwa mara ya pili kicheko kilimponyoka, kikachanganyika na machozi. "Basi ingia, mwanangu. Ingia uone mwenyewe, yaishe."

Mama Kifungu hakuinuka. "Kabla hujanikaribisha, nikwambie. Sheria siwezi kuivua hapa kama viatu. Nikiingia, nitakachokiona kitaingia kwenye ripoti, hata kama unanikaribisha kwa chai. Fikiri kwanza."

Pazia lilitulia. Kisha zikasikika nyayo, kitu kizito kikiburutwa, na miguu minne ya meza ikakwaruza sakafu. Pazia likasukumwa kando na kiwiko, akatokea bibi mdogo wa umbo, mtandio begani, anaivuta meza kwa mkono mmoja. Kifundo cha mkono wa pili kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Wewe usiingie," alisema akihema. "Meza ndiyo itakayotoka."

Radi aliruka kusaidia.

"Kizingiti!" Mama Kifungu alimwambia.

Radi alisimama ghafla mguu ukiwa hewani, akaurudisha, akanyoosha mikono hadi karibu aanguke kifudifudi, akaipokea meza bila kuvuka mstari. Bibi alimtazama, akatikisa kichwa. "Kumbe unafundishika," alisema.

Juu ya meza palikuwa na taa, lenzi yenye mpini wa pembe, na daftari la jalada gumu. Mama Kifungu aliomba ruhusa kabla ya kulifungua. Kila siku ilikuwa na mstari wake: idadi ya chupa, namba za vyeti, na mwisho neno moja au mawili. Ukurasa kwa ukurasa maneno yalikuwa yaleyale, *hakuna kosa*, na pembeni, kwa herufi ndogo, *namshukuru Mola*. Kwenye mistari kumi na tisa kosa lilielezwa kwa ukamilifu. Hakukuwa na mauzo yoyote ya mlango wa uani. Mstari wa Jumanne ulikuwa na tarehe tu, na mbele yake wazi.

"Zile tatu za Jumanne," Mama Kifungu alisema. "Nimekwisha kuandika hali ya vifuniko vyake. Unaweza kunionyesha unavyozikagua?"

Bibi aliwasha taa. Aliinyanyua chupa ya kwanza mbele ya mwanga, akaiinamisha, akasoma cheti. "Hii sawa." Ya pili aliinusa. "Sawa." Ya tatu aliitazama kwa lenzi muda mrefu, akaishusha kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Hii siyo. Ya watoto huwa ya manjano mbele ya taa. Hii ina wekundu. Ni ya mtoto wa miezi kumi na minane, angalia cheti."

Radi alichukua cheti, akakisoma, jasho likamtoka utosini. Chupa hiyo ilikuwa ichukuliwe Jumatano mchana. Utepe wake mwenyewe ndio ulioizuia.

Hakuna aliyemsikia Mzee Vipimo akirudi. Alikuwa amesimama baina ya duka na chumba cha kuchanganyia, bendeji zingali mkononi, anamtazama mkewe, anaitazama meza.

"Bwana," mkewe alisema haraka, "usidhani... Sikutaka ujue. Sikutaka ujione mdogo."

"Mwenye nyumba wangu," mzee alisema kwa upole, "kwani unadhani ni nani aliyekuwa akiacha vifuniko bila kukaza?"

Bibi aliiweka lenzi mezani.

"Ulianguka uani mwaka juzi ukaumia kifundo. Siku moja nilikuona unahangaika kufungua chupa niliyoikaza, machozi yamekulenga. Tangu siku hiyo naviweka tu juu. Ukaze wewe ukishamaliza, lakini usiumie kufungua."

"Ulijua? Miaka miwili ulijua?"

"Na wewe ulijua habari za macho yangu, usiseme."

Kila mmoja alimtazama mwenzake kama mtu aliyekutwa na zawadi aliyoficha. Radi alijikohoza. Mama Kifungu angependa sana kuiacha habari iishie hapo, na ndiyo sababu hakuiacha.

"Mzee, niwie radhi. Jumanne saa saba ulimpa mama wa mtoto ile chupa kwa mkono wako. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Mkono wako haukuhisi?"

Uso wa mzee ulibadilika. Aliziweka bendeji mezani moja moja.

"Ulihisi," alisema. "Nikajua kimelegea. Nikasema moyoni, leo kifundo kinamuuma zaidi, ameshindwa kukaza. Nilitaka nikikaze mwenyewe. Nikaona haya. Nilihisi kama namsahihisha." Akaisogeza kando bendeji ya mwisho. "Haikunipitia akilini kwamba hakuigusa kabisa. Nikampa mama wa watu chupa, nikamwambia kwaheri."

Bibi aliuweka mkono wake uliofungwa kitambaa juu ya mkono wa mumewe. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Kifungu aliandika ripoti yake pale pale, juu ya meza ile iliyovuka pazia, akisoma kila aya kwa sauti ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kwanza, kazi ya kuchanganya na kujaza dawa isimame katika duka hili tangu saa hii. Kifungu cha ishirini kinampa mkaguzi uwezo huo. Pili, leseni isifutwe. Bibi ahuishe usajili wake, jina lake liingie katika leseni kama mkaguzi wa kila chupa, na mchoro wa jengo uchorwe upya ili meza yake iwe upande huu wa mstari. Tatu, mzee apelekwe kwa daktari wa macho, na asishike kipimo kabla ya cheti cha daktari huyo. Nne, mume na mke waende leo hii kwa mama wa mtoto, wamweleze wenyewe.

"Hilo la nne lina kifungu?" Mzee Vipimo aliuliza.

"Halina. Nawaomba."

"Tungekwenda hata usingeomba," bibi alisema.

Tano. Hapo kalamu ya Mama Kifungu ilielea juu ya karatasi.

"Niandike," Radi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo isivyo kawaida yake. "Andika kwamba niliingia makazi bila ridhaa ya mwenyewe, nikamtoa nje, na ukaguzi wake wa siku hiyo ukakatika kwa sababu yangu."

"Nimekwisha kukuandika, mwanangu. Ninachotafuta ni nafasi ya jina langu. Daftari hili lina saa zako, nami nakala yake ililetwa mezani kwangu Jumatano, nikaipitia bila kuuliza." Akaliandika jina lake chini ya la Radi, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Kilichobaki kilikuwa vielelezo. Chupa tatu za Jumanne zilipaswa kufungwa, kutiwa kwenye mfuko na kupigwa muhuri mbele ya mashahidi. Mama Kifungu alizisukuma hadi katikati ya meza.

Bibi aliichukua ya kwanza, akaitazama mara ya mwisho mbele ya taa, akampa mumewe.

"Nikaze?" mzee aliuliza.

"Kaza, bwana. Kaza sana."

Akazikaza zote tatu hadi vifuniko vikalia. Radi akayeyusha lakiri, akapiga muhuri, akaandika saa kwenye daftari la ukaguzi: kutoka, saa sita kasoro dakika tano. Mara hii mwandiko wake ulisimama wima.

Mama Kifungu alikusanya karatasi zake, akakunja futi, akatembea hadi mlango wa mbele. Pale kizingitini alisimama, akageuka, akaomba ruhusa ya kutoka, ingawa hakuna kifungu chochote kinachomtaka mkaguzi afanye hivyo.

Mpangaji alimtazama mwenye nyumba, akamwachia ajibu.